Piramidi Halikuwa Kaburi

Mvua ikishapita Muscat, kesho yake jua hutoka kali kama kawaida, na watu hutoa mazulia na magodoro yaliyolowa wakayaanika juu ya kuta. Hapo ndipo inapokuja ile harufu. Siyo harufu ya mvua yenyewe, ambayo kila mtu anaipenda. Ni harufu ya tope linalokaukia ndani ya kitambaa, nzito, ina chumvi kwa mbali, na inakaa kooni. Juzijuzi nimekutana nayo Hamriya, mbele ya duka moja lililoingia maji. Wenyewe wametoa viti vya gari wakavipanga pembeni mwa njia vikauke. Nikasimama palepale na mifuko yangu mkononi. Binti yangu akanivuta baibui akaniuliza kama tumefika. Sikumjibu upesi, kwa sababu nilikuwa nimerudi nyuma mpaka mwaka niliokuwa darasa la tano, mwaka niliosimama mbele ya kadhi nikamwambia kwamba piramidi kubwa la Misri si kaburi, na nikamtaka anisikilize.

Baba yangu aliitwa Seif. Alikuja Oman kutoka Unguja angali mtoto wa kubebwa, na kama nyumba nyingi za watu waliotoka kule, kwetu tulisema Kiswahili ndani na Kiarabu mlangoni. Alikuwa mrefu, mwembamba, akifanya kazi serikalini upande wa barabara. Ijumaa baada ya sala alikuwa na desturi ya kwenda Yiti kwa rafiki yake kuchukua samaki. Ijumaa moja, nilipokuwa na miaka sita, mvua ilinyesha milimani. Kwetu Khuwair ya Kusini halikudondoka hata tone. Wadi, lile bonde la mawe ambalo mwaka mzima ni kavu na magari yanalikatiza bila kufikiri, likateremka ghafla limejaa maji mekundu, na baba alikuwa katikati akirudi nyumbani. Watu waliokuwa ng'ambo waliliona gari likigeuka na kuchukuliwa. Siku ya pili lilionekana chini, karibu na pwani, limelala ubavu baina ya mawe. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Ndani hamkuwa na mtu.

Walimtafuta sana. Polisi walimtafuta, watu wa Yiti na mashua zao walimtafuta, wenzake wa kazini walishuka kwa miguu wakipekua kila kichaka. Hawakumpata, si siku hizo wala baadaye.

Gari lililetwa nyumbani juu ya lori likawekwa uani, chini ya banda la mabati. Ami Hilal, ndugu yake baba, alitaka kulipeleka kwa wauza vyuma. Bibi, mama yao, akakataa. Alisema Seif akirudi ataulizia gari lake, na yeye hatakuwa na la kumjibu. Kwa hiyo likabaki, na mimi nikalifanya pangu. Tope lilikuwa limekauka kwenye viti likapasuka vipandevipande kama uso wa mkate wa kumimina uliokaa sana motoni. Nikikaa kiti cha dereva nyayo hazifiki chini. Nikiuvuta mkanda, unatoa mchanga laini unaomwagika mapajani, hata mwaka baada ya mwaka, kana kwamba haumaliziki. Nilikuwa nimemsikia Ami Hilal akimwambia mtu kwamba gari lilipopatikana mkanda ule ulikuwa umefunguliwa. Maneno hayo niliyashika. Mkanda haujifungui wenyewe. Maji hayajui kubonyeza kile kitufe chekundu. Basi baba aliufungua kwa mkono wake, na mtu anayefungua mkanda anatoka, na anayetoka kuna mahali anakwenda.

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia kwamba baba amekufa. Hakuna pia aliyeniambia kwamba yu hai. Wanawake waliokuja kututembelea walikaa pale ukumbini wakizungusha vikombe vya kahawa mikononi, hawajui wampe mama pole au wamwombee subira, mwishowe wakizungumza habari za joto. Bibi alimtaja baba kama mtu aliyetoka kidogo. Seif hapendi bamia, msipike bamia. Seif anataka dirisha hili lifunguliwe asubuhi. Mama alimtaja mara chache sana. Hakuvaa mavazi ya eda, lakini pia hakujipaka hina, hakwenda harusini, na dhahabu yake aliivua siku moja bila ya kusema neno, akaiweka kabatini.

Kisha miaka minne ikatimia. Nilijua imetimia kwa sababu Ami Hilal alifunga duka lake la vipuri mapema siku hiyo, akaja kukaa na mama na Bibi ukumbini, na mlango wakauacha wazi kidogo. Nilikuwa korido nikipanga viatu. Nilimsikia akieleza polepole kwamba mtu aliyepotea katika hatari, sheria inamngojea miaka minne, na baada ya hapo mke wake anaweza kwenda mahakamani. Akasema watu wawili watatoa ushahidi. Akasema, "Kadhi akishahukumu kifo, mambo yote yatakwenda."

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwenye taarifa ya habari. Watu wanaohukumiwa kifo ni watu waliofanya jambo baya sana. Nilisimama na kiatu cha Bibi mkononi, nikafahamu kwamba Ami Hilal na watu wawili wanakwenda kumshitaki baba yangu, na kwamba mama amekubali. Bibi peke yake ndiye aliyekataa. Alisimama, akasema yeye mwanawe hajamzika na hakuna mtu atakayemzikia kwa kalamu, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Tangu siku ile mimi na Bibi tulikuwa upande mmoja. Mama nilimjibu ndiyo na hapana, basi.

Mliosoma skuli za serikali wakati wetu mtawakumbuka wale maabla, waalimu wanawake wa Kimisri. Wetu wa masomo ya jamii aliitwa Abla Inaam. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuvutia, anayeandika ubaoni kwa chaki za rangi alizozinunua mwenyewe kwa sababu zile za skuli, alisema, zinaifanya dunia nzima iwe nyeupe. Wiki chache baada ya maneno ya Ami Hilal, tulifika kwenye somo la Misri ya kale. Abla aliingia siku hiyo kama mtu anayetutembeza nyumbani kwao. Alilichora piramidi kwa chaki ya manjano, akachora njia za ndani kwa nyekundu, akaeleza jinsi mawe yalivyokokotwa, na jinsi yote hayo, mlima mzima ule, ulivyokuwa kaburi la mfalme mmoja. Halafu akatupitishia picha aliyoikata gazetini. Ilionesha chumba cha mawe kisicho na pambo lolote, na ndani yake sanduku la jiwe jeusi, kona moja imevunjika, halina kifuniko.

Picha ilipofika kwangu sikuipitisha. Nilinyanyua mkono, nikauliza mfalme mwenyewe yuko wapi.

Abla alisema hakuonekana. Walipoingia walikuta sanduku tupu.

Nikauliza kama walikuta nguo zake, au mifupa, au kitu chochote. Akasema hapana, pengine wezi waliingia zamani wakachukua kila kitu. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewaona wezi hao. Wasichana wakaanza kucheka. Abla alitabasamu, akasema hakuna, lakini wataalamu wote wanakubaliana. Nikamwambia, "Basi hamjui, Abla. Mmekuta sanduku tupu mkasema ni kaburi."

Sikusema kwa ujeuri, ingawa darasa lilidhani hivyo. Nilikuwa nimeshtuka kweli. Nilikuwa nimeona kwamba jambo lile wanalotaka kulifanya nyumbani kwetu, watu wakubwa walikwisha kulifanya kabla, mbele ya dunia nzima, na limeandikwa vitabuni, na watoto wanalazimishwa kulihifadhi. Mtu hayumo, basi amekufa. Nilirudi nyumbani nikiwa na kazi. Nikiweza kuonesha kwamba walikosea kwa piramidi, nitaweza kuonesha kwamba wanakosea kwa baba.

Nilianza na Bibi. Nilimkuta jikoni amekaa juu ya kibao, anachagua mchele kwenye ungo. Nilimuuliza anajua nini habari za ahramu, yaani piramidi, za Misri. Bibi hakuwahi kukaa darasani ila chuoni kwa Kurani, lakini alikuwa na jibu kwa kila kitu, na hili alilijibu bila ya kuacha kuchagua. Alisema watu wa Aadi ndio waliojenga, wale majitu wa zamani, kwa sababu binadamu wa kawaida hawezi kunyanyua mawe yale. Nikamwambia Abla anasema ni kaburi. Bibi akatikisa kichwa.

"Kaburi ni shibiri moja juu ya ardhi," alisema. "Nani anataka mlima juu ya kifua chake? Mimi nnavyojua, na hivi ndivyo alivyokuwa akitwambia babu yangu, walijenga wapate pa kupanda gharika ikija."

Nilikaa chini palepale sakafuni. Nikamwomba anieleze tena. Alisema zamani walioteshwa kwamba maji yatakuja kuifunika dunia, basi wakajenga juu, kwa mawe, ili atakayewahi apande aokoke na atie humo vitu vyake. Nikauliza, na yale maji yakipungua? Alisema wanatoka, wanakwenda zao. Ndiyo maana hamna mtu.

Sijui kama kuna jambo nililowahi kuliamini kwa nguvu kama hilo. Kila kitu kilikaa mahali pake. Maji yalikuja, mtu akapanda, maji yakapungua, akatoka, akaliacha sanduku wazi. Na baba naye alifungua mkanda, akapanda, na wadi ile ina majabali pande zote mbili. Sasa hivi yuko mahali, pengine amesahau jina lake, kama watu wanavyosahau wakipigwa kichwa. Kilichobaki ni kuwathibitishia.

Nilifanya kazi hiyo kwa bidii ambayo sijaifanyia kazi nyingine yoyote tangu wakati huo, na nimesoma mpaka chuo kikuu. Kila mapumziko nilikwenda kwenye kichumba cha maktaba ya skuli, chenye joto na harufu ya gundi, nikasoma kila kitabu kilichotaja Misri. Niligundua kwamba makaburi mengine ya wafalme wa kule yana maandishi ukutani, yana majina, yana picha za mwenyewe na watumishi wake. Chumba cha piramidi kubwa hakina hata herufi moja. Hilo nalo nililichukua. Nilimfuata Abla Inaam korido nikimuuliza, mfalme gani huyo mwenye mali ya kujenga mlima lakini hana wa kumwandikia jina? Mara ya kwanza alinijibu vizuri. Mara ya nne au ya tano aliniambia nikanawe uso nirudi darasani.

Mtihani ulipokuja, kulikuwa na swali linalotaka tueleze kazi ya piramidi kubwa. Nililiacha la mwisho ili niliandike vizuri. Niliandika kwamba haijathibitika kuwa ni kaburi, kwa sababu hakuna maiti na hakuna jina. Niliandika kwamba kuna watu wanaosema lilijengwa ili watu wapande wakati wa mafuriko. Halafu, kwa kuwa nilibakiwa na nafasi, nikaongeza kwamba sanduku tupu maana yake ni mtu aliyetoka, na haifai kumhukumu mtu kifo kwa sababu hamkumkuta.

Mama aliitwa skuli. Walikaa chumba cha waalimu, mimi nikaambiwa ningoje nje kwenye benchi. Kupitia kioo cha mlango nilimwona Abla akimpa karatasi yangu, na nikamwona mama akisoma. Nilitegemea atatoka na hasira, na nilikuwa nimejitayarisha. Alisoma mpaka mwisho, akakunja karatasi ndogo sana, akaishika ndani ya kiganja. Akasema maneno machache. Abla Inaam aliufunika mdomo kwa mkono wake wenye vumbi la chaki, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

Baadaye Abla alitoka akanijia mimi. Alikaa nami pale kwenye benchi, ubao wa benchi ukalalamika. Hakunitajia baba. Aliniambia kwamba swali langu ni la haki na kwamba alikosea kulikimbia. Aliniambia pia jambo ambalo hakulisema darasani. Juu ya kile chumba, kwenye vijinafasi vilivyofungwa kwa mawe ambavyo hakuna mtu aliyetakiwa kuingia tena, wajenzi waliacha maandishi ya rangi nyekundu. Ni majina ya makundi yao ya kazi, yameandikwa haraka haraka, mengine juu chini, na ndani yake mna jina la mfalme wao. Hayakuandikwa kwa ajili ya wageni wala kwa ajili ya wataalamu. "Wao walikuwapo," aliniambia. "Walijua wanamjengea nani. Mimi sina mfalme wa kukuonesha, Zuwena. Nnao watu waliomjua, basi."

Nilimshukuru. Nikamwambia kwamba kujua jina la mwenyewe si kujua kwamba amekufa. Akasema hapana, kweli, si sawa.

Tulirudi kwa teksi. Kabla ya kushuka mama aliniambia siku ya mahakama nitakwenda naye, sitakwenda skuli. Alisema nimekuwa mkubwa na ni bora nikasikie mwenyewe kuliko kusikiliza mlangoni. Hakujua bado nilichokifahamu mimi. Alidhani nakataa baba atangazwe marehemu, kama Bibi. Hakujua kwamba nadhani anakwenda kuuawa.

Kwa hiyo nilikwenda kama wakili. Bibi alinifunga ushungi asubuhi ile kwa mikono yake, akaukaza sana chini ya kidevu, na hakuniuliza nitasema nini. Yeye mwenyewe hakuja. Chumba cha kadhi kilikuwa kidogo kuliko nilivyotegemea, chenye zulia la kijani na kipoza hewa kinachotonesha maji ndani ya ndoo. Kadhi alikuwa mzee wa Kiomani kutoka bara ndani, ndevu nyeupe, kilemba kimefungwa kwa ustadi, na mbele yake kuna miwani mbili ambazo alikuwa akizibadilisha. Ami Hilal alitoa ushahidi. Rafiki yake baba wa Yiti alitoa ushahidi. Alikuwa miongoni mwa waliosimama ng'ambo siku ile, na aliposimulia jinsi gari lilivyogeuka, sauti yake ilikatika, akaomba maji. Kadhi alimngojea anywe. Halafu alimuuliza mama kama ana la kuongeza, na mimi nikasimama.

Nilisema kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa, kama tulivyofundishwa kusoma mbele ya darasa. Nilisema, "Baba yangu hakufanya kosa lolote. Msimhukumu kifo."

Mama alinishika mkono, sikukaa. Niliendelea. Nilimweleza kadhi habari ya mkanda. Nilimweleza kwamba Misri kuna piramidi kubwa, ndani yake mna sanduku tupu, na watu wote wa dunia wanasema ni kaburi lakini hakuna hata mmoja aliyemwona maiti, na Abla Inaam mwenyewe amekiri. Nilimwambia kwamba inawezekana lilijengwa kwa ajili ya watu kuokoka na maji. Nilisema mtu akikosekana ndani ya sanduku, au ndani ya gari, hilo halitoshi. Hapo pumzi ziliniishia, nikabaki nimesimama.

Kadhi alivaa miwani ya pili. Hakucheka, na namshukuru mpaka leo kwa kutocheka. Alinambia nisogee, nikasogea mpaka kwenye ukingo wa meza.

"Binti yangu," alisema, "hapa hakuna aliyeshitakiwa. Baba yako hana kosa na hakuna atakayemgusa."

Akanieleza. Alisema hukumu yake haimfanyi mtu afe, na haimfufui. Yeye hajui baba yuko wapi, na hatadai kwamba anajua. Anayejua ni Mungu. Alichoulizwa yeye ni kama wanaomngojea waendelee kungoja. Nikamuuliza, na akirudi? Akasema akirudi kesho, hukumu yote inavunjika, na yeye atafurahi kuichana kwa mkono wake. Nikamuuliza tena ili nihakikishe. Akarudia vilevile, neno kwa neno. Halafu akasema habari ya piramidi ni nzuri na hakuwa akiijua, lakini mlalamikaji wake leo si sanduku. Mlalamikaji ni mama yangu, na hakuna aliyemsikiliza bado.

Mama alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alisimama akiwa amenikamata bega.

"Shekhe, mimi sitaki mume mwengine na sitaki mali," alisema. "Kila nikimaliza kusali nanyanyua mikono, sijui nimwombee nini. Nikimwombea arudi, naogopa yuko ndani ya mchanga anangoja dua ya maiti. Nikimwombea rehema, naogopa yu hai na mimi ndiye ninayemuua. Miaka minne nashusha mikono mitupu."

Ami Hilal alikuwa akitazama zulia. Mimi nilimtazama mama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona. Nilikuwa nimefikiri kwamba katika nyumba yetu ni mimi na Bibi tu tunaomngojea baba. Kumbe yeye alikuwa akimngojea mara tano kwa siku, na hakuna aliyekaa upande wake.

Kadhi alihukumu. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi. Nilikuwa nimekwisha kurudi kukaa, na mama alipokaa nilimpa mkono wangu kabla hajauomba.

Nimeulizwa na niliowahi kuwasimulia kama leo bado naamini lile la gharika. Hapana. Nilipokuwa mkubwa nilisoma zaidi, habari za vijiji vya wafanyakazi, jikoni zao, makaburi yao wenyewe pembeni mwa piramidi, na nikaridhika kwamba Abla Inaam alikuwa sahihi. Lakini niliridhika kwa kusoma, si kwa kuamrishwa, na sijaacha kuwauliza watu walijuaje. Mume wangu anasema ni tabia ngumu kuishi nayo. Sitaiacha. Binti yangu namfundisha hiyohiyo.

Siku ile tulirudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Mama aliingia chumbani kwake kuanza eda, akavaa nguo yake nyeupe ya pamba, akakaa juu ya godoro akiegemea ukuta. Bibi alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa. Ami Hilal alimwambia kupitia mlangoni jambo lililohukumiwa, na lile kadhi alilosema kuhusu kurudi, kisha akaondoka kwa sababu hakujua la kufanya zaidi. Mimi nilikaa baina ya milango miwili, nikiogopa kwamba sasa nyumba itakatika vipande viwili na nitalazimika kuchagua.

Ilipopita sala ya alasiri mlango wa Bibi ulifunguka. Alikuwa anaburura godoro lake mwenyewe, mto umebanwa kwapani. Aliniambia nimshikie upande wa pili. Tulilipitisha korido, tukaliingiza kwa mama, Bibi akalitandika chini ya dirisha. Mama akasema, kwa adabu, kwamba eda ni ya mke, mama wa mtu hana eda. Bibi akasema anajua sana, yeye kasoma kabla mama hajazaliwa. Akakaa, akanyoosha miguu. Na kweli, mpaka eda ya mama ilipomalizika, Bibi naye hakuvuka kizingiti cha nyumba.

Halafu Bibi akasema, "Seif alikuwa mwoga sana siku aliyokuja kukuposa."

Alikuwa, alisema Bibi, kwa mara ya kwanza. Nilinyanyua kichwa. Mama naye akanyanyua.

Bibi alisimulia kwamba siku ile baba alihangaika tangu asubuhi, akabadilisha kanzu mara kadha wa kadha, na walipokwisha kufika kwa wakwe ndipo alipotazama chini akaona amevaa kiatu kimoja chake na kimoja cha Hilal, kimoja cheusi na kimoja cha rangi ya kahawia, na hata ukubwa si mmoja. Alikaa posa yote ile ameuficha mguu wa kushoto chini ya wa kulia, hauondoi, hata walipomwita kula alikwenda kwa kuburura.

Mama alikuwa ametoa macho. Alisema kwamba yeye alimchungulia siku hiyo kupitia pazia, na usiku wake alimwendea mama yake akilia, akamwambia mchumba ana mguu mbovu na hakuna aliyemwambia. Mama yake akamjibu kwamba mguu si kitu, mtazame tabia. Aliolewa akiamini anaolewa na kiguru. Mwezi mzima wa kwanza alikuwa akimwekea kiti karibu na mlango asihangaike kutembea, na baba akikikalia, na hakuwahi kusema kwa nini.

Bibi alianza kutetemeka mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, akijipiga paja, na mama akaubana mdomo kwa upande wa ushungi wake mweupe, akimtazama mkwewe kwa hofu, kwa sababu ilikuwa siku ya kwanza ya eda na yeye alikuwa mjane.

"Cheka, mwanangu," Bibi akamwambia. "Kucheka hakuvunji eda."

Mama akacheka. Katika miaka minne sikuwahi kusimuliwa habari hata moja ya baba yangu. Mtu aliyetoka kidogo hasimuliwi. Nikapanda juu ya godoro nikajipenyeza baina yao, nikamwambia Bibi aanze tena tangu mwanzo, tangu asubuhi, tangu kanzu ya kwanza.